Saa Saba Kasoro za Mtoto Yahya

Jumatano, wiki ya tatu ya Kwaresima. Joto la Chundwa leo halina pa kulikimbilia. Upepo umekatika tangu asubuhi na bati la zahanati linalialia kwa jua. Mgonjwa wa mwisho ameondoka. Nimefunga dirisha la dawa, nimekaa kwenye benchi la wagonjwa, naandika kwa simu.

Nimekuwa nikikwepa kuandika haya tangu Jumapili.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: mimi ni Redempta, muuguzi, mzaliwa wa Kitui, Mkatoliki. Huu ni mwaka wangu wa sita katika kijiji hiki cha Chundwa, kisiwa cha Pate. Hapa wananiita Sista, ingawa si mtawa. Kanisa langu liko Lamu, na kulifikia ni pikipiki hadi gati la Mtangawanda, kisha boti. Misa naipata mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine nasali rozari chumbani, na mwalimu mmoja kutoka Bungoma huja tukasoma pamoja masomo ya siku. Parokia yetu ya hapa ni viti viwili vya plastiki.

Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimeanza pamoja. Mwanzoni nilifurahi. Kijiji kizima kinafunga, nami nafunga, nikajiona nimepata wenzangu wa safari. Nilijiona mtu wa Mungu, kusema kweli.

Majina ya watu wazima nimeyabadilisha. La mtoto mamake amekataa nilibadilishe.

Mwanaesha ana miaka ishirini na minne. Mimba hii ilikuwa ya kwanza, baada ya kungoja miaka mitano. Ilipofika miezi sita nilimtuma Lamu akapigwe picha ya tumbo, kwa sababu nilipompapasa sikuridhika. Alirudi na bahasha. Akakaa mbele yangu, akalifunua buibui usoni, akasema, "Daktari amenambia, lakini nataka kuambiwa na wewe."

Nikaisoma ile karatasi. Mtoto hakuwa na fuvu. Kuanzia juu ya nyusi kichwa chake hakikujiunga. Watoto wa namna hiyo wengi hufia tumboni. Wachache huzaliwa wakiwa hai, wakaishi dakika, au saa, au siku moja.

Nilimweleza yote, taratibu. Akasikiliza bila kulia. Kisha akauliza, "Sasa hivi yu hai?"

"Yu hai."

"Basi," akasema, akaikunja karatasi, akaenda zake.

Alikuwa akija kliniki kila mwezi, hakukosa. Kila akija aliniomba jambo moja: nimsikilizishe mapigo ya moyo wa mtoto. Nina kifaa kidogo chenye spika ninachokitumia kwa kina mama wote, na huwa naongeza sauti wasikie wenyewe. Kwake yeye nilikuwa naipunguza. Nasikiliza upesi, naandika, nasema "sawa," nafuta mafuta tumboni. Siku moja akanishika mkono: "Wacha nisikie kidogo, Sista." Nikamwambia betri inakaribia kwisha.

Betri ilikuwa mpya.

Na sasa niandike lililo baya zaidi. Niliporudi chumbani, na rozari mkononi, nilikuwa namwomba Mungu mtoto yule afie tumboni. Nilijiambia ni huruma, asiteseke, mamake asimwone. Lakini kulikuwa na sababu nyingine chini ya hiyo, nami niliijua. Sikutaka azaliwe mikononi mwangu. Sikutaka kumwona tena.

Nasema "tena" kwa sababu nilishawahi kumwona.

Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili, katika hospitali moja ya bara ambayo sitaitaja. Alizaliwa mtoto wa kike wa namna hiyohiyo. Mkunga aliyekuwa zamu alimwambia mama kwamba mtoto amezaliwa mfu, akanipa mtoto ndani ya beseni la chuma, kafunikwa kitambaa cha kijani, akasema nimpeleke chumba cha kuoshea vyombo. Nikampeleka. Nikamweka kwenye saruji karibu na bomba. Nikaenda kunywa chai.

Niliporudi kuchukua ndoo, kitambaa kilikuwa kinapanda na kushuka.

Nilikitazama. Sijui kwa muda gani. Kisha nikachukua ndoo niliyoifuata, nikatoka, nikafunga mlango. Alikufa kule ndani, peke yake, na mamake yuko vyumba viwili kutoka pale. Nilikuwa tayari nimepata Kipaimara. Nilikuwa naimba kwaya.

Nimeungama mara nyingi tangu siku hiyo, na kila mara nimesema, "Nilizembea katika wajibu wangu wa kazi." Mapadri wamenipa Salamu Maria kumi.

Tulipanga Mwanaesha akajifungulie Lamu. Uchungu ulimjia wiki tatu kabla ya siku zake, Jumapili, watu wakiwa wametoka kusali alfajiri. Aliletwa na mamake, Bi Somoe, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito. Nilikuwa nimeshavaa nguo ya kanisani. Ilikuwa Jumapili yangu ya Misa, boti ilikuwa iondoke Mtangawanda saa tatu maji yakiwa bado yamejaa. Nikavaa aproni juu ya gauni.

Hakukuwa na wakati wa kumsafirisha. Saa moja na nusu mtoto alizaliwa. Mwanamume. Alikuwa hai. Hakulia, alitoa sauti ndogo kama mtu anayetaka kusema neno akasita.

Neno langu la kwanza kwa Mwanaesha lilikuwa, "Usimwangalie, mama. Geuza uso."

Nilikata kitovu, nikamzungushia kitambaa, nikageuka kuelekea mlango wa nyuma. Sikuwa nimeamua chochote. Miguu yangu ndiyo iliyokuwa inajua njia. Bi Somoe akasimama mlangoni.

"Wampeka wapi?"

Nikautazama mlango nyuma yake.

"Wampeka wapi, Sista? Mamake yuko hapa."

"Bi Somoe, mtoto hali yake si nzuri. Kichwa..."

"Kitwa chake nimeambiwa tangu mimba ya miezi sita. Nipa mwana."

Nikampa. Akamfunua. Nilikuwa namtazama yeye usoni, nangoja nione atakavyoshtuka. Alimwangalia mjukuu wake kuanzia miguuni, polepole, akafika kwenye kile kidonda kilichokuwa wazi, akavuta pumzi. Kisha akashuka machoni, akasema, "Alhamdulillahi. Ana mato ya babake." Akamweka juu ya kifua cha binti yake.

Yule mtoto, aliyekuwa anavuta pumzi kwa kurukaruka, akatulia. Nimeona watoto wengi wakitulia kifuani. Huyu hakuwa na sehemu kubwa ya ubongo, na vitabu nilivyosoma vinasema hakuwa na uwezo wa kujua chochote. Mimi naandika nilichokiona.

Ndipo akili ya kazi ikanirudia. Nikachemsha maji, nikachukua shashi safi, nikakifunika kichwa chake kwa kitambaa chenye unyevu wa maji ya chumvi ya uvuguvugu, nikamvisha kofia ya pamba. Mwanaesha akanisaidia kuinyoosha kofia.

Baba mtu, Athumani, alifika kutoka shambani na udongo miguuni. Aliosha mikono na uso kwenye bomba la nje, akaingia, akamchukua mwanawe. Akamwadhinia kwenye sikio la kulia, kwa sauti ya chini sana. Halafu akasema, "Jina lake Yahya."

Yahya ndiye sisi tunayemwita Yohane Mbatizaji.

Nahodha wa boti alinipigia simu mara mbili. Mara ya kwanza nikamwambia, "Nakuja." Nitaandika nilivyowaza, kwa sababu nimechoka kujipamba: niliwaza kwamba mtoto huyu akifa ndani ya nusu saa, nitawahi Misa. Nilitazama saa ya ukutani, nikatazama kifua chake. Nilikuwa mtu anayengoja mtoto afe ili aende kumwabudu Mungu.

Mara ya pili alipopiga nikamwambia aende.

Asubuhi ikapita hivyo. Joto likapanda. Mwanaesha na mamake walimpokezana. Bi Somoe alikuwa amefunga, jasho linamtiririka, na hakumweka mtoto chini hata mara moja. Alimhadithia. Alimwambia nani amemzaa nani, nyumba yao ilipo, mnazi gani ni wa babu yake. Alimwambia majina ya shangazi zake wote. Alimkamua Mwanaesha tone la maziwa ya mwanzo kwenye kijiko, nami nikamwonyesha jinsi ya kulipaka mdomoni, na Yahya akatoa ulimi.

Jirani mmoja aliingia, akaona, akaanza kusema maneno ya pole, kwamba Mungu amchukue upesi apumzike. Bi Somoe akamkatiza. "Huyu ni mgeni wa Mngu. Mgeni hafukuzwi."

Nilishughulika na kupanga kabati la dawa lililokuwa limeshapangwa.

Adhana ya adhuhuri ilipolia, Mwanaesha alikuwa amepitiwa na usingizi. Bi Somoe akanyanyuka, magoti yakalia. Akaja akaniwekea mtoto mapajani. "Niwekea amana yangu, nende nikasali," akasema. Akaenda.

Tukabaki mimi na yeye.

Nilikuwa na kikombe cha maji safi nilichokuwa namloweshea midomo kwa pamba. Tangu utotoni nilifundishwa katika katekisimu kwamba mtoto akiwa hatarini kufa, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza. Maji, na maneno. Nimewahi kufanya hivyo mara tatu maishani, kwa watoto wa Wakristo. Hapa palikuwa na mtoto anayekufa, maji yalikuwepo, maneno nayajua, na hakuna aliyekuwa anaona. Nilikishika kikombe juu ya ile kofia. Mkono ulibaki hewani.

Sikujua haki iko wapi. Bado sijui vizuri. Nilichojua ni kwamba yule bibi alikuwa upande wa pili wa ukuta, ameweka paji la uso chini, na mtoto ameniachia mimi kwa sababu ananiamini. Aliniona asubuhi nikimpeleka mjukuu wake mlango wa nyuma, na bado akaniamini.

Nikarudisha kikombe chini. Nikalowesha pamba, nikampangusa midomo. Nikasema kimoyomoyo, "Bwana, huyu ni wako, mimi nimemshika tu." Nikamwimbia wimbo wa Kikamba ambao mama yangu alikuwa akituimbia. Kidole changu kikawa ndani ya kiganja chake, akakikamata. Hata watoto wa namna yake hukamata. Najua ni mshipa tu unaoitikia. Nilikaa nimekamatwa.

Ningependa kuandika kwamba alikata roho saa tisa, saa ya Huruma, saa aliyokufa Yesu, ambayo mimi huisali kila siku ya Kwaresima. Haikuwa saa tisa. Ilikuwa saa nane na dakika kumi, amerudi kifuani kwa mamake, na mimi nilikuwa nimesinzia kwenye kiti nimeegemea ukuta. Nilishtuliwa na sauti ya Mwanaesha akisema, "Sista, amenyamaa."

Nikaweka kifaa cha kusikilizia kifuani kwa mtoto. Nikangoja dakika nzima. Nikamwambia, "Amekwenda, mama."

Ndipo alipolia. Alilia mpaka nikaogopa. Bi Somoe alikuwa anambembeleza huku mwenyewe analia, anasema "inna lillahi" mara kwa mara, na mimi nimesimama na gauni langu la kanisani lenye damu, sina la kufanya.

Saa saba kasoro dakika ishirini. Huo ndio umri wake.

Walimwosha, wakamkafini, wakamsalia baada ya sala ya alasiri. Mimi si Mwislamu na ni mwanamke, kwa hiyo sikwenda makaburini. Nilisimama kwenye mlango wa zahanati wakapita. Athumani alikuwa mbele amembeba mwanawe mikononi kama mtu aliyebeba mkate wa moto. Nyuma yake walikuwa wanaume wa Chundwa, wavuvi, wakulima, wazee wenye fimbo, mwenye duka aliyefunga duka lake. Walijaza ile njia kutoka ukuta hadi ukuta. Wote wamefunga, jua kali, kwa ajili ya mtu aliyeishi saa saba kasoro. Walikwenda mbio kama wanavyokwenda kwenye maziko siku zote, na vumbi likaja mpaka mlangoni kwangu.

Nilimkumbuka yule wa kike, kwenye saruji karibu na bomba. Hakuna aliyempa jina. Hakuna aliyemhadithia nyumba yao ilipo.

Jumatatu asubuhi nilimpigia simu paroko wetu Lamu. Nilimweleza yote ya Yahya, na kile kikombe. Nilikuwa nataka aniambie nimekosea au nimepatia, ili jambo liishe.

Akaniuliza, "Kama ungembatiza, ungemwambia mamake?"

"Nisingemwambia, Padri."

"Ungemwibia basi. Na Mungu, Redempta, hafungwi mikono na kikombe chako. Mtoto yuko kwa aliyemuumba."

Nikamwambia nina jambo lingine, la zamani, la hospitalini. Nikaanza. Akanizuia. "Hilo si la simu. Njoo uungame. Na safari hii liite kwa jina lake."

Sikujua kwamba alikuwa ameshanisikia kitubioni, miaka yote hii, nikiliita kwa jina lingine.

Kwa hiyo Jumamosi nitapanda boti. Nitasema, "Nilimwacha mtoto hai afe peke yake, nikamficha mamake." Nitasema pia kwamba niliomba mwingine afe. Naliandika hapa ili nisije nikabadilisha maneno njiani.

Nilidhani hapo ndipo ingeishia. Lakini leo asubuhi Mwanaesha amekuja.

Amekuja peke yake, anatembea taratibu, buibui limelowa kifuani. "Maziwa yamekuya, Sista," akasema. "Tangu jana usiku. Niyafanyeni?"

Nilimwingiza ndani, nikamwonyesha kukamua kidogo tu ili maumivu yapungue, nikamkandia kwa kitambaa cha maji baridi. Maziwa yalikuwa mengi, meupe, yanadondoka kwenye sakafu. Nilipomaliza nikamfungia kanga kifuani. Nilidhani atainuka aende.

Akatoa kwenye mkoba kile kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Akakifungua ukurasa wa mtoto. "Nataka uniandikie," akasema. "Yote. Kama wanavyoandikiwa wenziwe."

Nikaandika jina: Yahya bin Athumani. Nikaandika tarehe. Nikaandika saa aliyozaliwa na saa aliyokufa. Nikaweka alama pale palipoandikwa kwamba amezaliwa hai. Kisha nikafika mahali pa uzito, kalamu ikasimama.

Mtoto akizaliwa katika zahanati hii jambo la kwanza ni kumweka kwenye mizani. Mizani iko pale mezani, mkono wangu unaifikia. Yahya alikuwa nami kutwa. Nilimfunga kichwa, nilimlowesha midomo, nilimwimbia. Sikumpima. Wala haikunijia akilini. Kwani mtoto anayekufa unampima wa nini?

Mwanaesha alikuwa anasoma kalamu yangu. "Alikuwa na kilo ngapi?"

Ningeweza kuandika chochote. Kilo mbili na robo, nani angejua. Nikasema, "Mwanaesha, sikumpima. Nisamehe. Nilimwona kama ameshakwenda."

Nje kuku walikuwa wanaparua mchangani. Ningependa angekasirika, angenipigia kelele. Alitazama ile mizani, akaitazama mikono yake mwenyewe, akaikunja mbele ya kifua pale alipokuwa amemlaza, akakaa hivyo kwa muda, macho amefumba, kama mtu anayekadiria.

"Kilo mbili," akasema. "Mbili na kidogo. Nimembeba mimi, nayua."

Nikaandika. Ni mara ya kwanza katika kazi yangu kuandika uzito ambao haukutoka kwenye mizani, na sitaufuta. Akapuliza wino ukauke. Akakitia kijitabu mkobani, akaniaga, akashika njia ya kwao akiwa ameshikilia kanga kifuani.

Nami nimebaki kwenye benchi hili nikiwaza wagonjwa wa miaka yangu yote, wale niliowatazama nikaona wameshakwenda kabla hawajakwenda. Wazee waliokuwa wakinung'unika kwenye kitanda cha mwisho. Yule mlevi aliyeletwa kutoka Faza. Mama wa kifafa ninayemhudumia mwisho kila siku ya kliniki, nimeanza kumkumbuka na yeye.

Ee Mungu, ni wangapi sikuwapima?